Damu ya Mchumba

Mwanangu Jalila alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi siku ya Jumatatu, baada ya kifua chake kushindwa kuvuta pumzi. Alianza kwa maumivu ya mgongo, jambo ambalo kwetu si geni, kwani tangu utotoni ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao chembe za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Maumivu tuliyazoea. Nyumbani kwetu Mtongwe tuna maji ya moto, tuna vidonge, na tuna blanketi lake ambalo hujifunika hata jua likiwaka. Lakini safari hii maumivu yalipanda kifuani, akaanza kukohoa, na midomo yake ikawa na rangi ya majivu. Tulivuka feri ndani ya gari la wagonjwa, yeye akiwa na barakoa ya oksijeni usoni, na mimi nikiwa nimemshika miguu kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kushika.

Watu wengi hudhani kwamba huu ni ugonjwa wa watoto. Jalila alipokuwa mdogo palikuwa na kliniki yao, yenye picha za wanyama ukutani na wauguzi waliomjua kwa jina. Alipokuwa mtu mzima, mshonaji wa sare za shule mwenye cherehani yake, hapakuwa tena na kliniki wala picha. Kila alipougua, ilibidi aanze kujieleza upya kwa mtu mpya, akiwa katika maumivu.

Daktari aliyempokea aliitwa Kimani, kijana wa bara mwenye sauti ya chini. Huyu hakuhitaji kuelezwa. Alinikalisha kwenye benchi la ukumbini, akaniambia kwamba chembe zilizopinda zimejazana katika mapafu, kwamba mashine itampumulia mwanangu huku akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na kwamba itabidi abadilishiwe damu.

"Tutaitoa yake kidogo kidogo, mama, na kumtia iliyo nzima."

"Mtamtoa damu mtu ambaye hana damu?"

"Ndiyo. Hiyo aliyo nayo ndiyo inayomziba."

Nilikubali, ingawa akili yangu ilichelewa kufika pale ulimi wangu ulipofika. Tatizo likabaki kwenye damu yenyewe. Tangu utotoni Jalila ameongezewa damu za watu wengi, na mwili wake umejifunza kuzitambua na kuzikataa. Benki ya damu walitafuta, wakapata pakiti moja tu iliyokubaliana naye. Daktari alitaka angalau nyingine moja ndipo aanze.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi jamaa wakavuka maji kuja kupimwa. Alikuja mwanangu wa pili, Anwar. Walikuja binamu zake na majirani wa Mtongwe. Akaja pia Luqman, mchumba wa Jalila, pamoja na mama yake, Bi Mwanasaumu.

Yafaa nieleze Luqman ni nani. Ni kijana anayeendesha gari la kunyanyulia mizigo katika maghala ya Changamwe, mpole, mwenye aibu kiasi kwamba akija nyumbani husalimu kutoka mlangoni na kungoja aambiwe mara mbili ndipo aketi. Kabla yake walikwisha kuja wanaume wawili kumposa Jalila. Wote wawili waliposikia habari ya ugonjwa walikumbuka shughuli nyingine, na hatukuwaona tena. Luqman aliposikia alisema, "Najua. Nilimwuliza mwenyewe, akanieleza." Posa ikapokelewa. Siku ya nikaha tu ndiyo iliyokuwa haijapangwa, kwa kuwa kila tulipomwuliza Jalila alisema tungoje kidogo. Mimi nilikuwa nikiomba kila baada ya sala kwamba mtu huyu asije akabadilika.

Majibu ya vipimo yalitoka adhuhuri. Damu ya Anwar ilikataliwa mapema, kwa sababu naye amebeba nusu ya ugonjwa huu, yaani haumwi lakini aweza kuwarithisha wanawe, na damu ya mwenye nusu haiwezi kupewa mgonjwa kama dada yake. Za binamu hazikukubaliana. Za majirani hazikukubaliana. Iliyokubaliana ilikuwa moja.

Muuguzi, Sista Agneta, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoka akamsimamisha Luqman katikati yetu.

"Huyu ni nani kwa mgonjwa?"

"Mchumba wake," nikajibu.

"Mchumba wa kuoa?"

"Kwani kuna mchumba wa kupika?" Anwar akasema. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao hawajalala.

Sista hakucheka. Alikunja uso. "Sisi huwa hatupendi mume amtolee mkewe damu, ikiwa bado wanatarajia watoto. Ngojeni nikamwulize daktari."

Akaenda. Hakutueleza kwa nini hawapendi, na sisi hatukumwuliza. Nafasi ile aliyoiacha wazi ilijazwa na Bi Mwanasaumu.

"Mmesikia?" akasema. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, kanga ameivuta mpaka kidevuni. "Luqman, njoo hapa."

"Labeka, mama."

"Nilipokuzaa wewe nilitokwa na damu nyingi. Baba yako, Mungu amrehemu, alinyoosha mkono wake wachukue. Wakamwambia, wewe mume, kaa kando. Wakamchukua mjomba wako. Nikakaa na jambo hilo miaka yote hii. Kwa nini mume tu? Mpaka nikalielewa. Watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, au si ndugu?"

"Ni ndugu."

"Hawaoani?"

"Hawaoani, mama."

"Na maziwa yanatoka wapi, kama si katika mwili wa mtu? Ikiwa maziwa humfanya mtu kuwa kaka, pakiti nzima ya damu je?"

Anwar peke yake alijaribu kumpinga. "Bi Mwanasaumu, wallahi hiyo ni mpya. Umeisikia kwa nani?"

"Sikuisikia kwa mtu. Mtu akikaa na jambo miaka thelathini hahitaji kuambiwa. Na huyo sista naye kasema nini sasa hivi? Wewe hukumsikia?"

Nami nilimsikia. Lazima niseme kwamba maneno ya Bi Mwanasaumu yaliniingia kama maneno ya kweli. Yalikuwa na mwanzo na mwisho wake, na hospitali yenyewe ilikuwa imeyatia mhuri mbele yetu. Nilimtazama Luqman. Alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viatu vyake vya kazi.

"Sikukatazi, mwanangu," mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo si desturi yake. "Yule ni binti wa watu na roho ni amana. Nakwambia tu unachokitoa, usije ukasema hukuambiwa."

Sista Agneta alirudi kwa haraka. "Daktari amesema tusingoje. Hakuna nyingine, na mgonjwa anashuka. Kama kijana anakubali, aingie sasa."

Luqman hakumtazama sista. Alinitazama mimi. "Mama, wasemaje?"

Ningeweza kusema tumwulize kwanza Maalim Mbwana, mwalimu wa madrasa yetu, ambaye nambari yake ninayo katika simu. Niliogopa jibu lake. Nilijua kwamba hata akisema damu inaharamisha ndoa, bado nitaitaka damu ile. Sikutaka kuwa mtu aliyeuliza sheria kisha akaipita. Mbele yangu palikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na mwanangu ambaye kifua chake kilikuwa kikipandishwa na mashine.

"Toa," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akakunja mkono wa shati, akaingia.

Alipotoka alikuwa na pamba iliyobandikwa mkononi. Hakuketi. Alimwendea sista akaomba kumwona mgonjwa. Katika chumba kile huruhusiwa mtu mmoja kwa wakati, na zamu ilikuwa yangu, nikampisha. Mlango ulikuwa na kioo, nami nikasimama hapo nikatazama. Jalila alikuwa na mpira kinywani na nyaya kifuani, na macho yake yalikuwa yamefungwa. Luqman alinawa mikono mara mbili. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya posa. Alimshika mkono. Aliushika kama mtu anavyoushika mkono wa dada yake, bila haraka na bila kuangalia nyuma kama kuna anayemwona, kwani alijiona sasa ni maharimu wake, ndugu asiyeweza kumwoa. Akainama, akamwambia maneno ambayo sikuyasikia.

Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, mimi sasa ni mwanao kama Anwar. Akiamka, mwambie nduguye alikuja."

Bi Mwanasaumu alimshika kiwiko. Wakaondoka pamoja kuelekea kituo cha feri, na mimi nikabaki na benchi.

Damu ile ilipimwa maradhi yote yanayopimwa, na siku ya Jumatano ikaletwa. Nilipopewa zamu yangu niliona mirija miwili, mmoja ukitoa na mmoja ukitia. Iliyotoka ilikuwa nyeusi kuliko iliyoingia, au pengine ni macho yangu yaliyotaka kuona hivyo. Sista Agneta alikuwa akiandika joto na mapigo ya moyo bila kuinua macho. Nikajifunza kutomwuliza. Nilijifunza pia kutazama kioo cha mashine na kuelewa namba gani ni ya pumzi, ingawa sista aliniambia niache kuikodolea macho, kwamba haitapanda kwa kutazamwa.

Katika kitanda cha pili alilala kijana wa Kiembeni mwenye ugonjwa huohuo, mtu mzima mwenye ndevu, mhasibu katika ofisi moja ya mjini. Mama yake, Roseline, mtu wa bara, alikuwa jirani yangu wa benchi. Tulikuwa tukigawana chai ya chupa bila kuulizana mengi. Figo za mwanawe zilikuwa zimekwisha kuchoka. Alhamisi asubuhi nilipofika, benchi lilikuwa tupu, na kupitia kile kioo nikaona kitanda kimetandikwa upya, shuka limenyooshwa kama halikuwahi kulaliwa. Nilipomkuta Roseline chini, karibu na lango, alikuwa akingoja jamaa zake na karatasi za mochari. Aliniuliza jambo moja tu.

"Wako anapumua?"

"Anapumua."

"Basi panda juu, mama. Usikae hapa na mimi."

Nilikaa naye hata hivyo, mpaka jamaa zake walipofika.

Alasiri ya siku hiyo Daktari Kimani alisema kwamba mapafu yanafunguka na kwamba huenda kesho mpira ukatolewa. Nilisema alhamdulillahi, kisha hofu nyingine ikanipanda. Jalila akifumbua macho atamwulizia Luqman. Nami nitamwambia nini? Kwamba mchumba wake nimemfanya nduguye?

Nikavuka maji, nikaenda moja kwa moja kwa Maalim Mbwana. Nilimkuta madrasani amepanda juu ya kiti, bisibisi mkononi, anapambana na kipaza sauti.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Mama Jalila. Mgonjwa?"

"Anaendelea, tunashukuru."

Nikamweleza yote, tangu neno la sista hadi neno langu. Alishuka kutoka kwenye kiti taratibu, akaketi juu yake.

"Nani kawapa hukumu hii?"

"Hakuna, Maalim. Tulijihukumia wenyewe."

"Mngekuwa makadhi, mngetumaliza." Akafuta bisibisi kwa kanzu yake. "Sikiliza, mama. Ziwa lina mipaka yake. Ni la mtoto mchanga ambaye maziwa yale ndiyo yanayomjenga. Damu ni kitu kingine. Wanazuoni wameulizwa jambo hili, wakajibu kwamba damu haiharamishi ndoa. Ingekuwa inaharamisha, ile benki ya damu ingekuwa imetufanya ndugu Mombasa nzima, tukakosa wa kuoa."

Nikamshukuru, kisha nikamwuliza.

"Basi kwa nini hospitali huwakataza waume?"

"Hilo kawaulize wao. Mimi hata kipaza sauti hiki kimenishinda."

Asubuhi iliyofuata nilimwuliza Daktari Kimani, na jibu lake halikuwa jepesi. Alisema kwamba mwili wa mke unaweza kujifunza kuikataa damu ya mumewe, kama mwili wa Jalila ulivyojifunza kuzikataa damu nyingine. Siku akipata mimba, mtoto aliye tumboni hubeba pia kitu cha damu ya baba, na mwili wa mama unaweza kumgeukia. "Si lazima itokee," akasema. "Lakini itabidi aangaliwe zaidi. Nilipima roho iliyopo na ambayo haijaja, mama. Nikachagua iliyopo."

"Hata mimi," nikamwambia.

Mpira ulitolewa siku hiyo, na baada ya siku chache Jalila akahamishiwa wodi ya kawaida, karibu na dirisha. Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Nilimweleza kidogo kidogo, nikianzia mbali. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na nilidhani atalia au atamshukuru Mungu. Badala yake alikasirika.

"Yaani mliniacha nikiwa nimelala, mkanivunjia uchumba, kisha mkaurudisha, na mimi sikuulizwa hata neno moja?"

"Tungekuuliza vipi, mwanangu?"

"Sijui. Lakini ni uchumba wangu, mama." Akageukia dirisha. Baadaye akasema, "Mwite."

Luqman alikuja kesho yake jioni, saa za wageni, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilikuwa nimekwisha kumpigia simu na kumweleza jibu la Maalim na jibu la daktari. Bi Mwanasaumu alikuja naye, lakini alibaki ukumbini, akisema kwamba ameshasema ya kutosha kwa mwaka huu.

Akavuta kiti karibu na kitanda, karibu kuliko alivyowahi kukaa nyumbani kwetu.

"Nasikia una dada mpya," Jalila akamwambia.

"Pole na ugonjwa."

"Nimeshapoa. Nasikia pia ulinishika mkono."

Luqman akanitazama, kisha akatazama sakafu. "Nilidhani wewe ni maharimu wangu."

"Toba! Mtu amelala, hana habari, ana mpira kinywani."

"Nilikuwa nakuaga, Jalila."

Hapo mzaha ukamtoka mwanangu usoni. Akavuta pumzi kwa uangalifu kama mtu anayekunywa kitu cha moto.

"Mama," akaniita.

"Abee."

"Anwar walimkataa kwa sababu gani?"

"Ana nusu ya ugonjwa."

"Na Luqman walimchukua."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo walimpima, na yeye hana nusu."

Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo, mimi wala Luqman. Tuliitazama damu ile kwa mambo mengine yote, na hili lililokuwa wazi likatupita. Jalila alifumba macho, na chozi likamtoka upande mmoja, upande wa mto.

"Kila mlipouliza siku ya nikaha nilisema tungoje," akasema bila kufumbua macho. "Nilikuwa namngojea apate kwenda kupimwa, na nilikuwa siwezi kumwambia nenda. Niliogopa. Angekuwa na nusu, ningemrudishia posa yake. Mtoto wa kulala kwenye kitanda kile nilichotoka, mimi simzai kwa makusudi."

"Ungeniambia," Luqman akasema.

"Na wewe ungeniuliza kabla ya kujifanya kaka yangu." Akafumbua macho. "Sasa sina kisingizio."

"Daktari anasema ukipata mimba itabidi uangaliwe zaidi," nikamkumbusha, kwa kuwa neno lile "toa" lilikuwa langu, na sikutaka aanze maisha bila kujua gharama yake.

"Mimi nimeangaliwa tangu nizaliwe, mama."

Luqman alikohoa, akakaa sawa, akamwuliza kwa maneno yaliyonyooka, mbele yangu na mbele ya wagonjwa wa wodi nzima, kama bado anamtaka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kula ili asikie.

Jalila alitazama umbali uliokuwa kati ya kiti na kitanda, akasema, "Basi rudisha kiti chako nyuma, Luqman. Mimi si dada yako."

Akakirudisha nyuma, mpaka kikagonga kitanda cha jirani, na Bi Mwanasaumu akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.